Mawasiliano ya Tume ya Uchaguzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya yametoka katika vikao vya uhamasishaji vilivyofanyika katika komini za Lubumbashi, kuanzia Katuba na Kenya hadi Ruashi na Annexe, na pia katika semina za waandishi wa habari wa redio za hapa mjini. Anayeyajibu amefanya kazi ya kueleza mambo ya uchaguzi kwa Kiswahili, lakini hasemi kwa niaba ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo sote tunaiita CENI, wala kwa niaba ya chama chochote. Maswali mengine yamejibiwa kwa urefu kwa kuwa yanarudi katika kila kikao. Mengine yanatosheka kwa mistari miwili.

Nani ana haki ya kusema kwa niaba ya CENI?

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 211, ndiyo iliyoiweka CENI kuwa moja ya taasisi za kusaidia demokrasia. Tangu sheria yake irekebishwe Julai 2021 ina wajumbe 15: 6 wa upande wa walio wengi bungeni, 4 wa upinzani na 5 wa mashirika ya kiraia. Rais wake tangu Oktoba 2021 ni Denis Kadima, na msemaji wake ni yule mjumbe ambaye kwa Kifaransa anaitwa rapporteur. Mikoani, yaani katika yale tunayoyaita majimbo, Tume inawakilishwa na sekretarieti tendaji ya jimbo, na chini yake zipo antena, yaani ofisi ndogo za Tume zilizo karibu na wapiga kura.

Mhamasishaji anayekuja na megafoni sokoni hayumo katika ngazi hizo za kutangaza. Kazi yake ni kurudia kilichokwisha kutangazwa na kukifafanua mpaka kieleweke. Akianza sentensi yake kwa “nimesikia kwamba”, amekwisha kutoka nje ya kazi yake.

Je, mhamasishaji anafanya kampeni?

Hapana. Kampeni ni ya wagombea na vyama, nayo kwa sheria yetu huchukua siku 30 na kufungwa saa 24 kabla ya siku ya kupiga kura. Mwaka 2023 ilianza 19 Novemba na kwisha 18 Desemba. Mgawanyo wa muda wa wagombea redioni na kwenye televisheni husimamiwa na CSAC, baraza la vyombo vya habari, si na CENI. Mhamasishaji aliyevaa kofia yenye picha ya mgombea, hata kama ameivaa kwa sababu ya jua tu, ameharibu kikao chake kabla hajafungua mdomo.

Kwa nini matangazo kutoka Kinshasa hayatoshi? Nayo yapo kwa Kiswahili.

Ni kweli kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba, na kwamba matangazo makuu hutafsiriwa katika lugha hizo. Lakini kutafsiri maneno hakumaanishi kwamba ujumbe umefika, na mifano miwili inatosha kuonyesha shida ilipo.

Wa kwanza ni neno “jimbo”. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya, jimbo la uchaguzi ni eneo linalochagua mbunge. Kwetu jimbo ni Haut-Katanga, ni Lualaba, ni Haut-Lomami, ni Tanganyika, yaani yale manne yaliyotokana na kugawanywa kwa Katanga ya zamani mwaka 2015. Bango likisema “mgombea wa jimbo lako”, msomaji wa Kampemba anaelewa kwamba linamzungumzia mbunge wa jimbo, wala si mbunge wa taifa, na hapo tayari amechanganya chaguzi mbili. Sisi huandika “eneo la uchaguzi”, na kila tunapoweza tunalitaja eneo lenyewe kwa jina.

Mfano wa pili ni saa. Vituo hufunguliwa saa 12 alfajiri na kufungwa saa 11 jioni kwa hesabu ya Kiswahili, lakini hapa mjini wako wengi wanaohesabu saa kama Kifaransa inavyohesabu. Kwa hiyo tangazo linalosema kwamba vituo vinafunguliwa “saa sita” huwa asubuhi kwa mmoja na adhuhuri kwa mwenzake aliyetoka upande wa Kivu. Redio moja ya hapa iliwahi kusoma saa za kufunga kwa namna ambayo wasikilizaji walipiga simu mchana kutwa kuuliza ni ipi iliyokusudiwa, na marekebisho yalisomwa kesho yake, katika kipindi kingine, kwa wasikilizaji wengine. Tangu siku hiyo tunaandika 6h00 na 17h00 kwa tarakimu, kisha tunaongeza neno “asubuhi” au “jioni”. Na hatusahau kuongeza kwamba aliyekuwa tayari kwenye mstari wakati wa kufunga ana haki ya kupiga kura yake.

Liko pia swali la lafudhi. Mtu wa hapa husema “kuchagula”, na katika vikao vya mtaani sisi husema hivyo hivyo. Kwenye karatasi tunaandika Kiswahili sanifu, kwa sababu karatasi hiyo hiyo itasomwa Kalemie na Kindu. Hakuna ubaya wa kuwa na vyote viwili, mradi anayesema asiwe anawaigiza watu wa mtaa kama kichekesho. Mji huu una desturi ndefu ya michezo ya kuigiza ya Kiswahili redioni, na wasikilizaji wake wanatambua mara moja ni nani anayezungumza nao na ni nani anayewacheka.

Karte yangu ya mpiga kura imefutika. Nitachagulia wapi?

Katika uchaguzi wa 2023 hakuna swali lililoulizwa kuliko hili. Uandikishaji ulianza Desemba 2022 katika majimbo ya magharibi, ukafika kwetu Januari 2023, na karte zilitolewa papo hapo kituoni. Baada ya miezi michache nyingi zilianza kupauka.

Katika soko la komini ya Kenya mama mmoja muuza makayabu, yaani samaki wa chumvi, alifungua fundo la kitenge chake, akatoa mfuko mdogo wa plastiki, na ndani yake karte iliyokunjwa katika karatasi nyeupe. Aliitunza kuliko pesa zake. Nilipoielekeza kwenye jua niliona mstari wa bega, sikio moja, na tarakimu chache za mwisho. Uso na jina vilikuwa vimekwenda. Hakuuliza kwanza kuhusu uchaguzi. Aliuliza atawezaje kupokea pesa anazotumiwa na mwanawe kwa simu, kwa sababu penye dirisha la kutolea pesa wanadai kitambulisho, na katika nchi ambayo raia wengi hawana kitambulisho cha taifa, karte ya mpiga kura ndiyo kitambulisho.

Jibu la kiutaratibu ni kwamba aliyepoteza karte, au ambaye karte yake haisomeki, huenda kwenye antena ya CENI kuomba nakala, na kwamba kujulikana kwake hakukai kwenye plastiki ile bali katika orodha ya wapiga kura. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhakikisha jina lako limo katika orodha inayobandikwa kituoni. Upande wa mawasiliano una somo lake pia. Mabango ya wakati ule yalisema “karte yako ni sauti yako”. Kwa mtu aliyeshika plastiki tupu maneno hayo yalikuwa kama dhihaka. Maneno yaliyohitajika ni haya: nenda mahali fulani, siku fulani, ukiwa na kitu fulani. Kila ujumbe tunaouandaa tunaupima kwa swali moja: je, anayeusikia anajua afanye nini kesho asubuhi?

Ile mashine ndiyo inayohesabu kura?

Mwaka 2018, ulipofanyika uchaguzi wa kwanza kwa mashine hizo zilizotengenezwa na kampuni ya Korea Kusini, Miru Systems, mpiga kura aligusa picha ya mgombea kwenye kioo, mashine ikachapa chaguo lake juu ya karatasi, na yeye mwenyewe akaitumbukiza karatasi hiyo ndani ya sanduku. Jioni sanduku lilifunguliwa na karatasi zikahesabiwa kwa mkono mbele ya mashahidi wa vyama na waangalizi. Utaratibu wa 2023 ulifuata njia hiyo hiyo. Kwa maelezo ya Tume, hesabu ya kisheria ni ile ya karatasi.

Maelezo haya ni mafupi na hayamshindi mtu yeyote kuyaelewa. Hata hivyo yalishindwa vibaya, na kila mwanafunzi wa mawasiliano anapaswa kujua sababu yake. Kwa Kifaransa “kupiga kura” ni voter na “kuiba” ni voler: zinatofautiana herufi moja. Mashine hiyo iliitwa machine à voter, wapinzani wakaibatiza machine à voler, na jina hilo lilizunguka nchi nzima kabla Tume haijamaliza kueleza jina la kwanza. Mwaka 2023 Tume ilizungumza zaidi juu ya “kifaa cha kielektroniki cha kupigia kura”, kwa ufupi DEV, lakini penye vituo vya taxi-bus watu waliendelea kusema mashine. Kubadilisha jina la kitu hakuondoi shaka juu yake. Kilichosaidia, kwa nilivyoona mwenyewe, ni kikao cha maonyesho: mama au mzee anagusa kioo, anaiona karatasi ikitoka, anaisoma, anaitumbukiza. Baada ya hapo maswali yake hubadilika. Haulizi tena kama mashine inaiba. Anauliza nani analinda sanduku usiku, na hilo ni swali zuri zaidi.

Asiyeona au asiyejua kusoma atafanyaje?

Sheria inamruhusu mtu asiyeweza kupiga kura peke yake asaidiwe na mtu aliyemchagua mwenyewe, ambaye naye awe mpiga kura. Wagombea huonyeshwa kwa namba na picha. Tunawashauri watu waishike namba, kwa sababu mwaka 2023 wagombea wa ubunge wa taifa peke yao walizidi 25,000 nchini, na kutafuta sura moja kati ya kurasa nyingi za kioo huku mstari ukisubiri nyuma yako si jambo jepesi.

Kwa nini watu hawaamini hata tangazo lililo sahihi?

Kwa sababu wana kumbukumbu. Kura ya maoni ya Desemba 2005 na uchaguzi wa 2006, chini ya Abbé Malu Malu, padri aliyeiongoza tume ya uchaguzi ya wakati ule, ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kuona sanduku la kura lenye maana. Mwaka 2011 Katiba ilibadilishwa Januari ili rais achaguliwe kwa duru moja, na uchaguzi ukafanyika 28 Novemba mwaka huo huo. Muhula uliofuata ulikwisha Desemba 2016, lakini tulipiga kura 30 Desemba 2018. Hata tarehe hiyo haikuwa ya kwanza: ilikuwa 23 Desemba, ikasogezwa wiki moja baada ya moto ulioteketeza ghala la Tume mjini Kinshasa usiku wa kuamkia 13 Desemba. Ndugu zetu wa Beni, Butembo na Yumbi waliambiwa wasubiri mpaka Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, ilhali rais mpya aliapishwa 24 Januari. Na mwaka 2023 Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakupiga kura, kwa kuwa vita na ukosefu wa usalama vilizuia hata uandikishaji.

Mtu aliyepitia hayo yote, akisikia tarehe, husikia tarehe itakayobadilika. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani kwamba tangazo fupi ndilo zuri siku zote. Tarehe ikibadilika, sababu lazima itoke siku hiyo hiyo, katika tangazo lile lile, hata kama inaliongeza urefu mara tatu. Sababu inayotolewa wiki moja baadaye huonekana kama iliyotungwa.

Tume ikikosea, iseme?

Ndiyo, na mapema. Siku ya 20 Desemba 2023 vituo vingi vilichelewa kufunguliwa na vingine havikufunguliwa kabisa siku hiyo. Tume ikaongeza siku ya pili, na mahali pengine shughuli ziliendelea zaidi ya hapo. Wakati huo video za mashine zilizokuwa katika nyumba za watu binafsi zilikuwa zikizunguka katika simu zetu. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta uchaguzi wa wabunge na washauri wa komini katika maeneo ya Masimanimba na Yakoma, na kufuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine, ikiwamo kukutwa na vifaa vya kupigia kura. Ilitangaza majina yao.

Kwa maoni yangu tangazo hilo la majina lilizungumza kuliko mabango yote ya mwaka ule. Lakini lilikuja baada ya majuma mawili ya video, na katika majuma hayo sisi wa mtaani hatukupewa hata sentensi moja ya kuwaambia watu. “Tumeziona video hizo, tunazichunguza, tutatoa jibu” ingetosha. Pale tuliponyamaza, redio trotwa, yaani uvumi wa barabarani, ilijaza nafasi, na haikukosa cha kusema.

Tukanushe kila uvumi?

La. Uvumi wa watu kumi kwenye avenu moja ukipelekwa redioni ili ukanushwe, umepewa wasikilizaji ambao hawakuwa nao. Tunakanusha ule unaoweza kumfanya mtu akose kura yake: saa, mahali, karte, au madai kwamba uchaguzi umeahirishwa. Hapo tunaanza na ukweli wenyewe, wala hatuurudii uvumi katika sentensi ya kwanza, kwa kuwa wako wanaosikia mwanzo wa tangazo tu kabla ya kushuka katika basi.

Intaneti ikikatwa je?

Si jambo la kufikirika. Ilikatwa 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, na ilirudi baada ya takriban wiki tatu. Timu iliyokuwa na makundi ya WhatsApp peke yake haikuwa na kitu mkononi. Redio, ibada za Jumapili, shefu wa mtaa na megafoni havihitaji intaneti. Kila mhamasishaji anatakiwa kuwa na orodha ya namba za simu iliyoandikwa kwenye karatasi, si ile iliyomo ndani ya simu tu.

“Matokeo ya muda” maana yake ni nini?

Maana yake ni matokeo yanayochapishwa na CENI kabla ya mahakama kusema neno la mwisho. Kwa urais na ubunge wa taifa neno hilo ni la Mahakama ya Katiba. Katika uchaguzi wa 2023 Tume ilichapisha matokeo ya urais 31 Desemba, na Mahakama ikayathibitisha 9 Januari 2024. Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo mashauri husikilizwa. Tume ilitangaza hatua kwa hatua kutoka kituo ilichokiita Bosolo, neno la Kilingala lenye maana ya ukweli, ikianza na kura za Wakongo waliopiga kura katika nchi tano za nje. Huku kwetu wengi walidhani ni jina la mtu. Neno moja la Kiswahili pembeni ya hilo lingetuokolea maelezo mengi.

Redio inaweza kutangaza matokeo yaliyobandikwa mlangoni?

Karatasi ya matokeo hubandikwa nje ya kila kituo baada ya kuhesabu, nayo ni ya kusomwa na kila mtu. Mwandishi anaweza kueleza alichokisoma kwenye mlango fulani, akataja kituo na saa. Asichoweza ni kujumlisha milango aliyoiona na kumtaja mshindi, kwa kuwa kujumlisha na kuchapisha ni kazi ya Tume.

Tatizo la Lubumbashi ni kwamba Desemba ni mwezi wa mvua. Nimeona karatasi iliyobandikwa usiku kwa utepe mwembamba, na asubuhi wino umetiririka mpaka kwenye kizingiti, watu wamesimama mbele yake wakibishana kama tarakimu ni 1 au 7. Hakuna aliyeiba chochote hapo, ni mvua. Lakini ni nani angewaaminisha? Tunawaomba mashahidi na waangalizi waipige picha mara inapobandikwa, na tunawaomba wahusika wa vituo waibandike chini ya baraza, ndani ya plastiki. Ni ombi dogo, na kila mara linatolewa kwa kuchelewa.

Wanajeshi na polisi wanapiga kura?

Hapana, sheria ya uchaguzi haiwaruhusu, wala kugombea. Wake na waume zao wanapiga kura kama raia wengine.

Mhamasishaji akiulizwa swali asilolijua, afanye nini?

Aseme kwamba hajui, aliandike katika daftari pamoja na komini na avenu, apeleke swali kwenye antena, na arudi na jibu. Kurudi ndiyo sehemu inayosahaulika. Swali la mama wa makayabu kuhusu karte na pesa za simu lilinichukua siku nne. Niliporudi alikuwa akikata samaki. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kisu, kisha akauliza kama antena inafunguliwa Jumamosi, maana siku nyingine hawezi kuiacha meza. Hilo nalo niliandika.